Marejesho ya kodi ukiwa ndani ya Sura ya 13: mwongozo kamili kwa wanaolipa madeni kupitia mahakama nchini Marekani

Kila mwaka ikifika Februari mambo ni yaleyale. Mtu yuko kwenye mpango wa kulipa madeni chini ya Sura ya 13 ya sheria ya ufilisi ya Marekani. Amefaili taksi (kodi), dola elfu tano za marejesho zimeingia benki, amelipa pango lililochelewa, amenunua matairi, amebakiza kidogo akatuma Bukavu au Kisumu. Mwezi wa tano inakuja barua ya msimamizi wa mpango (*trustee*, anayepokea malipo yako na kuwagawia wadai) ikidai fedha zote. Baada ya miezi michache kesi inatupwa, na kampuni ya gari inatuma lori la kukokota.

Wengi wa hawa hawakukusudia kumficha mtu chochote. Walidhani kwamba ukishamlipa msimamizi kila mwezi, kila kinachoingia kando ni chako. Sheria haisemi hivyo. Katika Sura ya 13, kipato unachopata tangu siku ya kufungua kesi hadi kesi iishe ni sehemu ya mali iliyo chini ya mahakama, na marejesho ya kodi ni kipato. Ni mshahara wako wa mwaka jana uliokatwa kupita kiasi, pamoja na nafuu za serikali kwa wenye watoto. Msimamizi anauona kama fedha ambayo ingeweza kuwafikia wadai.

Mwongozo huu ni wa Sura ya 13 tu, ule mpango wa miaka 3 hadi 5. Sura ya 7, ule ufilisi usio na mpango wa malipo, ina hesabu zake. Kumbuka pia kwamba wilaya za mahakama za shirikisho ni 94 na kila moja ina desturi zake. Mwenzako wa kanisani aliyeko Iowa akikwambia "mimi waliniachia zote", huenda anasema kweli, lakini wewe uliyeko Texas au Kentucky fuata karatasi zako.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kuanza

- Mpango wako wa malipo, nakala ya mwisho iliyopelekwa mahakamani. Kama ulirekebishwa mara mbili, unaohitajika ni ule wa mwisho.
- Amri ya kuidhinisha mpango iliyotolewa na jaji. Wengi hawana habari nayo, na mara nyingine ndiyo yenye masharti ya marejesho ambayo hayamo kwenye mpango wenyewe.
- Namba ya kesi, jina la msimamizi na anwani ya kupokelea malipo. Anwani hii mara nyingi ni sanduku la posta lililo mji mwingine kabisa, si ofisi yake.
- Fomu 1040 (taarifa yako ya kodi ya shirikisho) yote, kurasa zote na viambatisho vyake, pamoja na W-2 (ya mshahara wa mwaka), fomu za 1099 (za vipato vingine) na ya jimbo kama jimbo lako linatoza kodi ya mshahara.
- Hati za mshahara za karibuni, zako na za mwenzi wako.
- Akaunti ya akiba kwenye benki usiyodaiwa nayo. Sababu iko hatua ya 5.
- Akaunti ya mtandaoni ya IRS (idara ya kodi ya shirikisho), ambapo utaona kumbukumbu za kodi yako.
- Namba ya simu ya wakili wako, na jina la msaidizi wake. Kwa kawaida msaidizi ndiye anayejibu.

Kama Kiingereza cha mahakama kinakusumbua, jua kwamba kwenye kikao cha wadai (kile ambacho msimamizi anakuhoji chini ya kiapo baada ya kufungua kesi) unaweza kupewa mkalimani kwa simu bila malipo; mwambie wakili aombe mapema. Ila mkalimani wa kikao hatakusomea mpango. Hilo lidai ofisini kwa wakili, na usiwe mwepesi wa kutia sahihi halafu ndipo uulize.

## Hatua ya 1: Soma kifungu cha marejesho kwenye mpango wako

Wilaya nyingine hutumia fomu ya taifa ya mpango, Fomu 113. Humo nenda sehemu ya pili, kifungu cha 2.3. Kina visanduku vitatu, na kimoja kimewekwa alama:

Kisanduku cha kwanza kinasema unabaki na marejesho yote utakayopata wakati wa mpango.

Cha pili kinasema utampa msimamizi nakala ya taarifa yako ya kodi ndani ya siku 14 tangu uifaili, na utamkabidhi marejesho yote.

Cha tatu kinaacha nafasi ya kuandika utaratibu mwingine. Hapa ndipo penye maneno ya kusoma kwa kidole. Pengine umeruhusiwa kubaki na kiasi fulani kila mwaka na kutoa kinachozidi. Pengine unabaki na ile nafuu ya wafanyakazi wa kipato kidogo (EITC) na sehemu ya nafuu ya watoto inayorudishwa, na kutoa iliyobaki. Pengine unatoa marejesho ya miaka mitatu ya kwanza tu.

Wilaya nyingine zina fomu yao, na kifungu hicho kimekaa kwingine. Tafuta maneno *tax refunds* kwenye kurasa zote, hasa ile sehemu ya mwisho ya masharti yasiyo ya kawaida. Kisha fanya vivyo hivyo kwenye amri ya jaji. Ukiona amri na mpango vinapishana, usiamue mwenyewe. Mpigie wakili.

Kama mpango wako unawalipa wadai wote asilimia 100, mara nyingi masharti huwa mepesi, kwa kuwa wadai watapata chao hata hivyo. Lakini "mara nyingi" si ruhusa. Itafute iliyoandikwa.

Tahadhari: karatasi zikinyamaza kuhusu marejesho, usichukulie kuwa ni zako. Kuna wilaya ambazo amri ya jumla ya mahakama inawahusu wote walio kwenye Sura ya 13. Uliza kwa maandishi, barua pepe inatosha, na uhifadhi jibu.

Umefanikiwa ukiwa: unaweza kusema kwa sentensi moja, bila kubabaika, ni kiasi gani unabaki nacho, kipi unatoa, na ndani ya siku ngapi.

## Hatua ya 2: Punguza marejesho kabla hayajazaliwa

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Watu wetu wengi wanapenda marejesho manono. Ndiyo akiba yao ya mwaka. Nje ya ufilisi hilo ni uamuzi wa mtu. Ndani ya Sura ya 13, kukatwa kodi kupita kiasi ni kumwekea msimamizi akiba kwa mkono wako mwenyewe, huku mwezi ukikushinda kwa dola mia mbili.

Dawa yake ni fomu W-4 unayompa mwajiri ili ajue akukate kodi kiasi gani. Angalia kama watoto wako wameandikwa kwenye hatua ya tatu ya fomu hiyo. Wengi waliijaza siku ya kwanza kazini kwa haraka, wakatia jina na sahihi tu, na miaka inapita wanakatwa kama mtu asiye na mtoto. IRS ina kikokotoo cha bure kwenye tovuti yake. Kipe takwimu za hati yako ya mshahara, kitakuambia uandike nini.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, cheki yako ikiongezeka, bajeti uliyoiwasilisha mahakamani imebadilika. Mwambie wakili kabla ya kubadilisha. Bajeti inaweza kusahihishwa ikaonyesha kwamba ongezeko limeingia kwenye gharama za kweli, kama bima ya gari iliyopanda, na hapo hakuna wa kukulaumu.

Pili, usipunguze hadi ukadaiwa. Anayeshindwa kulipa kodi mpya akiwa ndani ya mpango anajitafutia kesi kutupwa. Kwa kawaida IRS haitozi adhabu ya kulipa pungufu ikiwa unadaiwa chini ya dola 1,000 mwisho wa mwaka, au ikiwa umelipa angalau asilimia 90 ya kodi ya mwaka huo. Lenga marejesho madogo ya dola mia chache, usilenge sifuri. Na kama unaendesha Uber au kupeleka chakula bila kukatwa kodi, hatua hii usiiguse bila mtu wa kodi kukupigia hesabu nzima.

Nafuu ya wafanyakazi wa kipato kidogo haipungui kwa W-4. Hulipwa kwa mkupuo unapofaili. Kwa familia yenye watoto watatu au zaidi inaweza kufikia dola 8,046 kwa mwaka wa kodi wa 2025. Kama hiyo ndiyo sehemu kubwa ya marejesho yako, nguvu zako zielekeze kwenye hatua ya 1 na ya 7.

## Hatua ya 3: Faili kwa wakati, na kwa mtu anayejua kuwa una kesi

Mwisho ni tarehe 15 Aprili. Ukiomba nyongeza kwa fomu 4868 unapata hadi 15 Oktoba, lakini nyongeza hiyo ni ya kufaili, si ya kulipa. Ukiiomba, tuma nakala kwa msimamizi siku hiyohiyo, la sivyo kwenye daftari lake utaonekana hujafaili.

Kama ndiyo kwanza umefungua kesi, sheria inataka taarifa za kodi za miaka minne iliyotangulia ziwe zimefailiwa kabla ya kikao cha wadai, na nakala ya taarifa ya karibuni imfikie msimamizi angalau siku 7 kabla ya kikao. Aliyekuwa akifanya kazi bila kufaili huumbukia hapa.

Unapokwenda kwa mtu wa taksi, mwambie mambo matatu kabla hajafungua kompyuta:

Mwambie hutaki mkopo wa kutangulizia marejesho. Yale matangazo ya "pata hadi dola elfu kadhaa leo" ni mkopo, na ndani ya Sura ya 13 kuchukua mkopo bila ruhusa ni kuvunja masharti. Kibaya zaidi, umekopa kwa rehani ya fedha ambazo pengine si zako.

Mwambie ada yake utamlipa mkononi, isikatwe kwenye marejesho. Ikikatwa, kiasi kitakachoingia benki hakitalingana na kilichoandikwa kwenye fomu 1040, na wewe ndiye utakayetakiwa kueleza tofauti. Msimamizi mwingine huikubali ada, mwingine hukwambia kiasi cha kwenye fomu ndicho anachodai.

Mwambie namba ya akaunti unayoitaka, na uisome mwenyewe kwenye skrini kabla ya kutuma. Tangu 30 Septemba 2025 IRS inaachana na cheki za karatasi kwa watu binafsi, kwa hiyo namba hii ina uzito kuliko zamani.

Kwa wenye kipato cha chini, vituo vya VITA (mpango wa IRS wa watu wa kujitolea) hufaili bure. Namba ya kutafuta kituo cha karibu ni 800-906-9887.

Umefanikiwa ukiwa: una nakala kamili yenye sahihi, na uthibitisho kwamba IRS imeipokea. "Imetumwa" na "imepokelewa" ni mambo mawili.

## Hatua ya 4: Mpelekee msimamizi nakala bila kungoja aombe

Tuma fomu yote, si ile kurasa mbili za mbele. Weka W-2 na fomu ya jimbo. Wasimamizi wengi wana tovuti ya kupakia hati. Wengine hutaka zipitie kwa wakili. Usizitume kama picha za simu zenye kivuli cha mkono, zitarudishwa, na siku zinahesabika.

Chochote kinachoingia kwenye jalada la wazi la mahakama kionyeshe tarakimu nne za mwisho tu za namba ya Social Security. Kwenye tovuti ya msimamizi fuata maelekezo yake.

Piga picha ya skrini inayosema hati imepokelewa. Hii ndiyo ngao yako kama mwezi wa nane utaletewa barua kwamba hukutuma.

## Hatua ya 5: Fedha zikiingia, zitenge siku hiyohiyo

IRS hulipa marejesho mengi ndani ya siku 21 kwa waliofaili kwa kompyuta. Waliodai nafuu ya wafanyakazi wa kipato kidogo hawalipwi kabla ya katikati ya Februari, kwa sheria.

Zielekeze kwenye ile akaunti ya akiba. Usitumie benki au chama cha akiba na mikopo unachodaiwa, kwa sababu kinaweza kuishikilia akaunti, na kuinasua ni kazi ya wakili. Usizichanganye na akaunti ya mshahara pia. Zikishachanganyika na pesa za chakula na umeme, hakuna awezaye kusema ipi ilitoka IRS, na kwa uzoefu wa wengi huyeyuka ndani ya wiki tatu bila kununua kitu cha kuonyesha.

Kisha kuna simu. Kila mwenye ndugu nyumbani anaijua: "Shikamoo kaka. Tumesikia huko taksi zimeshatoka. Mama hospitali wanataka kianzio, na watoto wamerudishwa ada." Maneno yana uzito, na anayepiga hajui Sura ya 13 ni kitu gani.

Jibu lenye ukweli ni kwamba fedha ziko chini ya mahakama na kuzituma kunaweza kukupotezea nyumba. Mwambie hivyo waziwazi, na umwambie mapema, Januari, kabla hajapiga mahesabu yake. Ukisema "bado hazijaingia" utapigiwa tena Ijumaa.

Lakini kuna njia halali ya kuwasaidia wazazi. Kwenye bajeti ya mahakama, ile fomu iitwayo Schedule J, mstari wa 19 ni wa fedha unazotoa kuwasaidia watu usioishi nao. Kama ulikuwa ukimtumia mama dola 100 kila mwezi na hukuziandika, zungumza na wakili kuhusu kusahihisha bajeti, ukiwa na risiti za kutuma fedha za miezi iliyopita. Si kila msimamizi ataridhia kiasi unachotaka, lakini kilichoandikwa kinaweza kujadiliwa. Kilichotumwa kwa siri kutoka kwenye marejesho hakina utetezi.

Umefanikiwa ukiwa: kiasi kilichoko kwenye akaunti ya akiba kinalingana na marejesho, senti kwa senti, mpaka hatua ya 8.

## Hatua ya 6: Piga hesabu ya kinachodaiwa

Tuchukue mfano. Marejesho ya shirikisho ni dola 5,600 na ya jimbo ni 300. Mpango unakuruhusu kubaki na dola 1,500 kwa mwaka, jumla ya shirikisho na jimbo. 5,600 jumlisha 300 ni 5,900. Toa 1,500, zinabaki 4,400 za kumpa msimamizi.

Ya jimbo husahaulika. Texas, Tennessee, Florida na Washington hazitozi kodi ya mshahara, lakini Kentucky, Ohio, Iowa, Maine na Minnesota zinatoza, na msimamizi anajua.

Mambo yanakuwa magumu mume akiwa kwenye mpango na mke hayumo, ilhali wamefaili pamoja. Sehemu ya mke si ya kesi, lakini sehemu yake ni ipi? Wilaya nyingine hugawa kwa kodi iliyokatwa kwa kila mmoja: mume alikatwa 3,000 na mke 1,000, basi marejesho ya 4,000 yanagawika 3,000 na 1,000. Nyingine hugawa nusu kwa nusu, nyingine hutazama kipato. Uliza kabla ya kugawa, na andika mgawanyo kwenye barua utakayoambatanisha na malipo.

## Hatua ya 7: Una shida ya kweli? Omba kabla ya kutumia

Sheria inaruhusu mpango kurekebishwa baada ya kuidhinishwa. Kwa msingi huo, na kwa taratibu za kila wilaya, unaweza kuomba kubaki na marejesho yote au sehemu kwa ajili ya jambo maalumu. Majaji na wasimamizi si mawe. Wanachotaka ni shida iliyo halisi, ya lazima, na yenye karatasi.

Mambo ambayo kwa kawaida husikilizwa: gari linalokupeleka kazini limekufa giaboksi, meno ya mtoto, tanuri la kupasha nyumba joto limeharibika Desemba, paa linavuja, mazishi ya mtu wa karibu, kulipa kodi mpya unayodaiwa. Mambo ambayo ni vigumu kusikilizwa: sofa, safari ya likizo, mchango wa harusi, kiwanja nyumbani.

Ombi zuri huwa hivi. Badala ya kuandika "nahitaji kutengeneza gari", linasema gari ni lipi na la mwaka gani, limetembea maili ngapi, fundi anasema nini, na linaambatana na makadirio mawili kutoka gereji mbili yenye jina, tarehe na bei. Linaeleza kwamba bila gari hilo hufiki kiwandani saa kumi na moja alfajiri kwa kuwa basi halijaanza, na bila kazi hakuna malipo ya mpango. Halafu linaomba kiasi kile tu. Ukarabati ukiwa dola 2,150, omba 2,150, na sema kinachobaki utakikabidhi. Anayeomba zote 5,900 kwa matengenezo ya 2,150 anajiharibia.

Wakili ndiye atakayeandika ombi, na pengine atatoza ada. Uliza mapema na uangalie kama inapitia kwenye mpango. Wadai hupewa muda wa kupinga, aghalabu siku 21. Kwa hiyo gari lililokufa Februari usitegemee jibu wiki hiyo. Mwambie wakili Januari, ukishapata makadirio, hata kabla ya kufaili. Katika ofisi nyingine kiasi kidogo humalizwa kwa msimamizi kukubali kwa barua bila kwenda kwa jaji, kama wilaya inaruhusu.

Tahadhari: kuwasilisha ombi si kuruhusiwa. Fedha hukaa zilipo mpaka uone amri au ridhaa ya maandishi. Ukishapewa, lipa fundi kwa hundi au kadi, usilipe taslimu, na hifadhi risiti.

## Hatua ya 8: Lipa kwa njia inayoacha alama

Tumia njia aliyoitaja msimamizi wako: hundi ya benki, mani oda, au malipo ya mtandaoni kama TFS (huduma ya kuwalipa wasimamizi). Hundi binafsi wengi hawapokei. Mani oda moja ya posta haizidi dola 1,000, hivyo dola 4,400 za mfano wetu ni mani oda tano. Kwenye kila moja andika jina lako, namba ya kesi na maneno *2025 tax refund*.

Maneno hayo ni muhimu. Yasipokuwepo, malipo yanaweza kuingizwa kama malipo ya mwezi yaliyotangulia, na deni la marejesho likabaki wazi kwenye vitabu.

Na hapa kuna dhana inayowaponza watu: kutoa dola 4,400 hakukupunguzii miezi. Kwenye mipango mingi marejesho huongezwa juu ya malipo ya kila mwezi, na huenda kuwaongezea wadai wasio na dhamana (wasioshikilia nyumba wala gari lako). Mwezi unaofuata unalipa kama kawaida. Mpango wa asilimia 100 unaweza kuisha mapema kwa njia hii, ila usiache kulipa mpaka msimamizi mwenyewe akwambie.

Umefanikiwa ukiwa: wiki chache baadaye unaingia kwenye tovuti ya NDC (inayoonyesha kumbukumbu za kesi za Sura ya 13) au ya msimamizi wako na kuona kiasi kimepokelewa na kimeandikwa kuwa ni marejesho ya kodi. Chapisha ukurasa huo.

## Marejesho hayakuja, au yamekuja pungufu

Fungua kumbukumbu ya akaunti yako ya IRS utafute misimbo. 846 maana yake fedha zimetolewa. 570 zimezuiwa kwa muda, kuna kitu kinakaguliwa. 826 IRS imejilipa deni la kodi la mwaka mwingine. 898 zimechukuliwa kulipa deni lisilo la IRS. 520 mara nyingi huonyesha tu kwamba IRS imeandikisha kesi yako ya ufilisi.

Si kila ukataji ni kosa. Sheria inaruhusu IRS kutumia marejesho ya mwaka wa kabla ya kesi kulipa kodi ya mapato ya kabla ya kesi, na marejesho yanaweza kuchukuliwa kwa malimbikizo ya matunzo ya watoto. Lakini mkopo wa chuo wa zamani, au IRS kuchukua marejesho ya miaka iliyofuata kufungua kesi ili kulipa deni la zamani, ni jambo la kumpelekea wakili siku hiyohiyo. Kitengo cha IRS kinachoshughulikia ufilisi hupatikana kwa 800-973-0424. Anayeuliza fedha zimekwenda idara gani apige 800-304-3107. Kama zilizochukuliwa ni kwa deni la mwenzi wako peke yake, uliza kuhusu fomu 8379, ya kudai sehemu yako irudishwe.

Mjulishe msimamizi pia. Kwenye fomu 1040 aliyonayo ameona 5,600 na anazisubiri.

## Mwaka wa mwisho wa mpango

Kama malipo ya mwisho ni Novemba, marejesho yatakayoingia Februari inayofuata ni ya nani? Inategemea maneno. Kifungu kinachosema marejesho "yaliyopokelewa wakati wa mpango" hakifanani na kinachosema marejesho "ya kila mwaka wa kodi ulioangukia ndani ya mpango". Uliza miezi sita kabla. Kuna watu waliolipa miaka mitano yote na amri ya kufutiwa madeni ikachelewa kwa sababu ya marejesho ya mwaka mmoja yaliyokuwa hayajafika.

## Ukiwa umeshazitumia

Usingoje barua. Mpigie wakili, umwambie kiasi, na ziliendea wapi. Kabla msimamizi hajawasilisha ombi la kuitupa kesi kuna nafasi ya kupatana: kulipa kwa mafungu, au mpango kurekebishwa ili kiasi kile kigawanywe kwenye miezi iliyobaki. Dola 2,400 zikigawanywa kwa miezi 24 ni dola 100 kwa mwezi, bado haijajumlishwa ada ya msimamizi ambayo inaweza kufika asilimia 10. Inauma, lakini inabebeka.

Ombi la kuitupa kesi likiwa tayari limewasilishwa, tafuta tarehe ya mwisho ya kujibu iliyoandikwa kwenye ilani. Tarehe hiyo ikipita kimya, jaji anaweza kusaini bila kukuona. Kinga dhidi ya wadai inaondoka, na ukifungua kesi nyingine ndani ya mwaka mmoja, kinga mpya hudumu siku 30 tu isipokuwa mahakama iiongeze.

Unapokwenda kwa wakili beba risiti zote: matairi, hospitali, pango, hata zile za kutuma fedha nyumbani. Zilizokwenda kwenye mambo ya lazima zinaweza kupunguza ukali wa mazungumzo, na zile nyingine ni heri azione yeye kwanza kuliko aonyeshwe na msimamizi mbele ya jaji.